Kidonge cha saa tatu

Kwenye chuma cha kichwani mwa kitanda palibandikwa karatasi kwa plasta: "Asipewe chochote kwa mdomo tangu saa sita usiku." Chini ya karatasi hiyo alilala ami yangu, macho yamemtoka, hapepesi. Ilikuwa inakaribia saa nne asubuhi. Nikamuuliza kama ataka nimgeuze ubavu. Midomo ikacheza, sauti haikuja. Nikainama mpaka sikio likagusa ndevu zake.

"Mikono ya yeo si yangu," alisema.

Muuguzi aliyekuwa akipita alisimama, akamtazama, akaniambia kwa upole kuwa mzee ameshikwa na hofu ya upasuaji, wengi huwa hivyo asubuhi yake.

Haikuwa hofu.

Kidonge cha saa kumi na mbili alfajiri hakikumezwa. Cha saa tatu nacho kilikuwa kimempita. Mwenye mgonjwa wa Parkinson nyumbani, maradhi yanayomkaza mtu mwili na kumtetemesha, ameshaelewa nilichokiona pale. Ami aliletwa kukatwa ngiri, upasuaji ambao mafundi wenzake wa majahazi kule Matondoni, Lamu, wameufanya wakarudi zao kwa miguu. Kilichokuwa kikimmaliza asubuhi ile hakikuwa ngiri wala kisu.

Jambo hili limenikaa kifuani kwa wiki kadhaa. Nimelisoma, nimewauliza wanaojua, nimebishana nalo usiku nikiwa peke yangu. Ngoja niliandike.

Saa za nyumbani, saa za wodi

Ami humeza levodopa iliyochanganywa na carbidopa mara tano kwa siku: saa kumi na mbili, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili. Mkewe humwekea kidonge kwenye kisahani cha kahawa kando ya glasi ya maji, na humwekea mapema, maana hata kukifikia na kukishika kwa vidole huchukua muda. Simu hulia. Zamani walijaribu kufuata adhana, lakini kutoka alfajiri hadi adhuhuri ni mbali mno. Ami alikuwa akiganda kabla ya saa nne, mguu mmoja ndani ya kizingiti na mmoja nje, na punda wamejipanga nyuma yake kichochoroni wakingoja apite.

Ukiijua kazi ya dawa yenyewe hutashangaa. Levodopa ndiyo malighafi ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kwenda unavyotaka, na seli za kutengeneza dopamini ndizo zinazokufa kwenye ugonjwa huu. Carbidopa huizuia isigeuzwe njiani kabla haijafika ubongoni. Dawa hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, na kwa muda wa kama saa moja na nusu hivi nusu yake imeshatoka kwenye damu. Miaka ya mwanzo mtu hausikii sana mwanya kati ya kidonge na kidonge, kwa sababu ubongo bado una akiba yake. Miaka ikisonga akiba inakwisha. Mwili unabaki kuishi kwa kidonge cha mwisho kilichomezwa.

Na hakuna chupa ya kutundika.

Hili ndilo lililonigutusha zaidi nilipoanza kusoma. Dawa ya kuua vijidudu isipomezeka iko ya sindano. Maji yako ya dripu, sukari iko ya dripu. Levodopa inayopatikana katika wodi za kawaida ni ya kumeza tu, au ya kupitishwa kwenye mpira wa puani hadi tumboni, na hapo pia si kila kidonge kinafaa: vile vilivyotengenezwa vitoe dawa polepole havipondwi. Ziko nchi ambako mgonjwa asiyeweza kumeza hubandikwa kiraka cha rotigotine kwenye ngozi. Hiyo ni dawa nyingine, inayoigiza kazi ya dopamini, na kubadilisha kutoka vidonge kwenda kiraka kunataka daktari anayejua kukadiria.

Wodi nayo ina saa zake. Kitoroli cha dawa hupita asubuhi, mchana, jioni na usiku, na siwezi kumlaumu mtu, muuguzi mmoja ana vitanda vingi. Kwa dawa nyingi kuchelewa saa nzima si kitu. Uingereza, shirika la Parkinson's UK limeendesha kampeni kwa miaka likitaka kila mgonjwa wa Parkinson aliyelazwa apewe dawa yake ndani ya dakika 30 za wakati wake. Dakika 30! Nilipolisoma hilo nililifikiria faili la ami. Ratiba yake tuliikabidhi siku ya kulazwa, kwa mwandiko wa kusomeka. Ilikuwemo, nyuma ya majibu ya damu. Vidonge vyenyewe vilikuwa kabatini kwa wauguzi, kama kanuni ya wodi inavyotaka.

Mtu wa saumu haulizi

Ami hakunung'unika. Alipoambiwa asile wala asinywe tangu usiku wa manane aliitikia inshallah, akanyamaza. Sisi kwetu kukaa bila kula hakumtoi mtu neno. Tena Ramadhani iliyopita daktari wake alimzuia kufunga kwa sababu ya dawa hizi hizi, na lilimuuma, akawa akila mchana kwenye chumba cha ndani wajukuu wasimwone. Hospitali ilipomwambia yenyewe afunge, nadhani kuna mahali moyoni alifarijika. Binamu yangu aliyelala naye anasema alfajiri alikataa hata kulowanishwa midomo kwa pamba.

Halafu ugonjwa wenyewe humnyang'anya mtu ushahidi wake. Uso haukunji, sauti inakwenda chini, jicho halipepesi. Mwenye kuteseka na aliyetulia wakilazwa bega kwa bega huwezi kuwatofautisha. Daktari anayemwona kwa mara ya kwanza anakutana na mzee mpole, mtulivu, pengine mwenye hofu kidogo.

Basi unampata mgonjwa asiyeweza kusema, aliyelelewa asilalamike, katikati ya jamaa waliolelewa wasimhoji daktari.

Nilipoinuka kwenda kuuliza, binamu alinivuta mkono hadi dirishani. "Usiwaudhi, dada. Mgonjwa wetu yuko mikononi mwao."

Sentensi hiyo nimeisikia katika kila korido ya hospitali niliyowahi kukaa pwani hii. Ina akili yake. Jamaa wenye kelele huchokesha, na anayebaki na mgonjwa usiku ni muuguzi, si wewe. Lakini nimeifikiria sana tangu siku ile, na naona imetugharimu. Tunadhani kunyamaza ni heshima kwa daktari, kumbe tunamnyima habari ambayo hana pengine pa kuipata.

Vidonge mkobani

Nilikuwa na vidonge vya akiba ndani ya mkoba. Siendi popote na ami bila hivyo. Mlango wa wodi ulikuwa wazi, muuguzi yuko mwisho kule, glasi ya maji ya mgonjwa jirani iko karibu kuliko mkono wangu.

Ningeweza.

Hapa ndipo wiki zangu nyingi zimepotelea. Kanuni ya kufunga kabla ya upasuaji haikutungwa na mtu mkaidi. Mwaka 1946, daktari wa New York aitwaye Curtis Mendelson alieleza yaliyowapata akina mama waliopewa nusukaputi wakati wa kujifungua, tumbo likiwa si tupu: yaliyomo yalipanda kooni yakashuka mapafuni. Kinachoogopewa ni hicho mpaka leo. Na mgonjwa wa Parkinson ndiye hasa wa kuogopewa, kwa kuwa tumbo lake hukawia kushusha chakula na koo lake humeza kwa taabu. Je, kama karatasi ile ndiyo yenye haki? Nikimpa kwa siri akapaliwa, mkewe nitamwambia nini?

Geuza upande wa pili. Bila dawa koo linazidi kukaza, kifua kinakuwa kizito kukohoa makohozi, mwili haugeuki kitandani. Dawa ikikatwa ghafla, mara chache, hutokea hali mbaya kabisa: joto la mwili linapanda, misuli inakuwa migumu, fahamu zinavurugika, na watu wamekufa kwayo. Kwa hiyo kidonge kinachoogopewa kitakwama kooni ndicho hicho hicho kinachosaidia koo kumeza.

Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba miongozo ya madaktari wa usingizi haina ugomvi na jambo hili. Chakula husimamishwa muda wa saa sita kabla, maji matupu muda wa saa mbili kabla, na dawa za lazima, levodopa ikiwemo, humezwa kwa funda dogo la maji hata asubuhi ya upasuaji. "Chochote, tangu saa sita usiku", kwa mtu atakayepasuliwa mchana, ni mazoea yaliyorithishwa kutoka zamu hadi zamu.

Sikumpa. Nilifunga zipu ya mkoba. Anayekwenda kumlaza mtu usingizi, au kumtia ganzi, lazima ajue kilichomo tumboni na kilichomo kwenye damu. Ukimficha jambo kwa nia njema bado umemficha. Nikaenda kumtafuta.

Daktari wa usingizi

Nilimkuta kwenye mlango wa thieta, barakoa imeshuka kidevuni, anakunywa chai ya rangi amesimama. Palikuwa na mama wa dharura aliyeingizwa kujifungua kwa kisu, ndiyo maana orodha yote ilirudi nyuma.

"Daktari, samahani kukukatiza chai. Yule mzee wa ngiri ana Parkinson, na hajapewa dawa yake."

"Tangu saa ngapi?"

Hilo swali! Nilikuwa nimelisubiri asubuhi nzima bila kujua kwamba ninalisubiri.

"Jana saa kumi na mbili jioni."

Alitazama saa ya ukutani, akaiweka chai, akatangulia yeye kwenda wodini. Aliushika mkono wa ami, akaukunja na kuukunjua polepole. Niliona kiwiko kikienda kwa vishindo vishindo. Akamwambia ameze mate, huku amemwekea vidole viwili kooni, akisikiliza kwa vidole. Akapandisha kichwa cha kitanda. Akamwomba muuguzi alete kidonge na maji kidogo kwenye kikombe.

Ami alikifunga kinywa. Akanitazama mimi.

"Ami, daktari mwenyewe amekuruhusu. Hii haikuharibii kitu."

Kilishuka kwa shida, lakini kilishuka. Daktari alichukua kalamu, akaandika kwenye karatasi ile ya plasta, chini ya neno "chochote": isipokuwa dawa zake za Parkinson, kwa wakati wake. Hakumgombeza mtu.

Kabla saa haijatimia mkono wa ami ulisogea wenyewe ukavuta shuka kufunika goti. "Ndoo," aliniita, yaani njoo, na safari hii nilimsikia bila kuinama. Alitaka kujua kama binamu yangu amestaftahi.

Walimfanyia kwa sindano ya mgongo. Daktari alinieleza kwa nini, na nilipenda kwamba alieleza na ubaya wake. Sindano ya mgongo humwacha mgonjwa macho, hakuna mpira kooni, na kidonge kinachofuata kinaweza kumezwa mapema. Lakini hushusha presha, na wagonjwa wa Parkinson wengi presha yao huanguka hata kwa kuinuka tu kitandani, hivyo lazima akae naye karibu. Nusukaputi nayo si haramu kwao. Uko upasuaji usiofanyika bila hiyo. Baadaye alinisimulia kwamba ndani ya thieta mashine ya moyo ilianza kuchora mistari ya kutisha, inayofanana na moyo uliopotea njia. Ulikuwa mkono wa ami unatetemeka. Daktari akaukamata mkono, mistari ikatulia.

Sindano ya kichefuchefu

Nilidhani tumeshavuka. Jioni akaanza kutapika.

Kwenye karatasi ya dawa palikuwa pameshaandikwa, kama panavyoandikwa kwa kila mtu, metoclopramide. Madukani tunaijua kwa jina la Plasil, na nyumba nyingi zinayo kwenye kikapu cha dawa. Inazuia kichefuchefu kwa kuziba milango ya dopamini, na inaingia ubongoni. Kwa mtu ambaye dopamini yake ni ya kuokoteza, huko ni kumfungia na kile kidogo alichonacho. Prochlorperazine ni vivyo hivyo. Haloperidol, ambayo mzee akipayuka usiku baada ya upasuaji huenda akachomwa ili atulie, ni mbaya zaidi. Na wazee wa Parkinson hupayuka kweli baada ya upasuaji, kwa hiyo si jambo la kufikirika tu.

Muuguzi wa usiku alikuwa kijana wa bara, mwenye haraka, sindano imeshavutwa. Nilimwonyesha karatasi niliyoiandika mchana kwa wino mwekundu. Aliisoma amesimama. Akairudisha sindano kwenye trei, akaenda kupiga simu. Akarudi na ondansetron. Domperidone ingefaa pia, kwa kuwa haipenyi sana ubongoni, ila ina tahadhari yake kwa wenye matatizo ya moyo.

"Dada, hii karatasi naweza kuipiga picha?" aliniuliza.

Karatasi yenyewe haina ufundi. Ina jina la dawa na nguvu yake kama ilivyo kwenye boksi, saa za kumeza, dawa za kuepukwa, na namba ya simu ya mwenetu. Saa nimeziandika kwa namna mbili, saa tatu asubuhi na 9:00, kwa sababu muuguzi aliyesomea bara akiona "saa 3" huenda akaleta kidonge alasiri. Nimeongeza mstari juu ya pethidine. Ami hatumii selegiline wala rasagiline, lakini wapo wenye Parkinson wanaozitumia, na pethidine, ile sindano ya maumivu iliyozoeleka baada ya upasuaji, ikikutana nazo mwilini huweza kuleta mtafaruku wa hatari. Tramadol pia. Kwenu kama ipo mojawapo, mwambieni daktari kabla ya siku yenyewe, si mlangoni mwa thieta.

Wageni wenye supu

Lamu mtu akilazwa, mtaa mzima unavuka bahari. Walikuja na supu ya kuku, mchuzi wa samaki, mayai ya kuchemsha, kila mmoja akitaka mzee apate nguvu. Mtu angethubutuje kusema subiri?

Mke wa ami alithubutu. Protini hushindana na levodopa kupenya utumboni, na tena kuingia ubongoni, kwa hiyo kidonge hutangulia nusu saa kabla ya chakula au hungoja kama saa moja baadaye. Alizipanga chupa za supu chini ya kitanda kwa mpangilio anaoujua mwenyewe, akawa anawaambia wageni, "Atakula, nyie mtamwona akila," na hakufunua kifuniko mpaka wakati wake. Vidonge vya kuongeza damu alivyoandikiwa navyo alivitenga mbali na levodopa, maana madini ya chuma hukamatana nayo tumboni ikafyonzwa kidogo. Mama huyu hajasoma zaidi ya chuo cha Kurani, na ndiye aliyekuwa duka la dawa la wodi ile.

Mgeni mmoja alikuja na unga wa upupu. Ndiyo, upupu huu huu wa kuwasha. Msicheke: mbegu zake zina levodopa ya kweli, na watafiti wameshaijaribu kwa wagonjwa. Tabu ni kwamba kwenye kijiko cha unga hujui unameza kiasi gani, na daktari anayekuhesabia dozi hajui kama umeongeza ya kwako. Ami aliupokea kwa shukrani. Mkewe akautia kwenye mkoba wangu, ukawashe kadi zangu za benki.

Sasa ni jicho

Ngiri imepona. Ami amerudi kukaa barazani, na kidonge cha saa tatu kinamkuta hapo hapo.

Lakini jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, na limefika pa kutolewa. Huko ni ganzi ya jicho tu, hakuna kulazwa, na wengi hudhani hakuna la kufikiria. Lipo. Lazima alale chali, uso umefunikwa kitambaa, kichwa kisicheze hata kidogo wakati daktari yuko ndani ya jicho. Akiingia dawa imekwisha, atatetemeka na hataweza kusema anaona vibaya. Akiingia dawa imepanda kupita kiasi, mwili wake huanza kujipinda wenyewe, na hilo nalo ni tabu. Saa yake nzuri tunaijua sote nyumbani: saa nne asubuhi.

Safari hii nimekwenda mapema, na karatasi yangu. Daktari wa macho aliisoma mpaka chini, akauliza maswali mazuri, akakubali saa nne. Karani wa nje hakukubali. Kwake kuna foleni, na foleni haina saa nne. Anayefika kwanza huingia kwanza, na wa mwisho huingia mchana. Nimerudi kwa daktari, ameniahidi atamwandikia karani barua.

Ami haziamini barua. Amekwisha kumteua mjukuu wake mkubwa atangulie na mashua ya alfajiri, ahesabu watu kwenye benchi, awe akibadilishana nafasi na walio nyuma yake mpaka zamu iangukie saa nne kamili. Kijana anataka alipwe.